Mgeni wa mama wenye watoto wadogo atafutwe karibu

Makanisa ya Mkoa wa Mara yana kitu ambacho idara za serikali na mashirika ya misaada hukitafuta kwa magari na posho na bado hawakipati sawasawa: wanawake wanaokuja wenyewe. Anzia Suguti, Kusenyi, Chirorwe na Wanyere, zunguka Majita na Mugango, panda Butiama na Kiabakari hadi ufike Bunda. Hakuna wiki inayopita bila akina mama kukutana, wawe wa jumuiya ndogondogo za Kikatoliki, wa usharika wa Kimennonite au wa Kilutheri, wa Anglikana, au wa Kanisa la Waadventista wa Sabato ambalo limeota mizizi Majita tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katikati yao wamo wenye watoto wachanga na watoto wanaotambaa. Hawa ndio hukaa karibu na mlango ili mtoto akilia watoke, na kwa sababu hiyo ndio wanaosikia kidogo kuliko wote. Pale ambapo wamepewa kundi lao na siku yao, swali la kwanza la viongozi huwa ni moja: tumwalike nani aje aseme nao? Linaonekana swali dogo la ratiba. Mimi naliona kuwa ndilo linaloamua kama kundi hilo litamfaa mama na mtoto au litakuwa sherehe nyingine ya sare za vitenge, na ninaamini tumezoea kulijibu vibaya.

Mazoea yetu yanajulikana. Kamati ikikaa, majina ya kwanza kutajwa ni ya wenye vyeo: diwani, mke wa kiongozi fulani, mfanyabiashara wa Musoma mjini, mtumishi wa Mwanza anayesikika redioni. Huyo anapewa jina la mgeni rasmi. Risala huandikwa na kusomwa, nayo karibu kila mara huishia kwenye mahitaji ya kundi: viti vya plastiki, spika, mabati. Mgeni hujibu kwa bahasha na ahadi. Somo lenyewe hubanwa kati ya risala na chakula, na mada huwa pana kiasi cha kumgusa kila mtu na kutomsaidia yeyote, kama vile nafasi ya mwanamke katika jamii, au malezi bora katika dunia ya leo. Mama aliyekuja na mtoto wa miezi saba anayetema uji, au aliyekuja akijiuliza kama homa ya jana usiku inamtaka afike zahanati au asubiri, anarudi nyumbani na swali lilelile alilokuja nalo. Halaumiwi mgeni. Aliitwa kwa ajili ya mfuko na jina lake, naye ametoa alichoitiwa.

Ninalopendekeza ni kwamba mada itangulie mgeni, mada itoke kwa mama wenyewe, na mgeni awe mtu anayeweza kurudiwa. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Elimu ya kulea mtoto mdogo haikamiliki kwa kusikilizwa mara moja. Mama husikia, huenda nyumbani, hujaribu, hukwama, mama mkwe humpinga, mtoto hukataa, fedha hazitoshi. Hapo ndipo anapohitaji kumwona tena yule aliyemfundisha na kumwambia kwamba imeshindikana. Mgeni aliyekwisha kupanda basi kurudi Mwanza hawezi kuulizwa. Muuguzi wa zahanati ya kata, mhudumu wa afya wa kitongoji, mwalimu wa darasa la awali, bibi aliyelea wajukuu kwa mikono yake, hao wanaweza kuulizwa kisimani, sokoni na mlangoni pa kanisa juma linalofuata.

Wazo hili lina historia, na kwa watu wa Mara historia hiyo iko mlangoni. Mwalimu Nyerere wa Butiama aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 nchi ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kujifunza, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadili wenyewe malaria, kuhara, kichocho na maji machafu. Nchi haikuwa na madaktari wa kupeleka katika kila kikundi, na haikujaribu kuwatafuta. Iliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kutoka miongoni mwa wanavijiji wenyewe, watu ambao majirani waliwafahamu, na kazi yao haikuwa kuhutubia bali kuuliza: tumesikia nini, na sisi hapa tutafanya nini wiki hii? Kila mkutano ulitarajiwa kuzaa kitendo. Vyoo vilichimbwa, nyasi zilizozunguka nyumba zikafyekwa, mashimo yenye maji yakafukiwa. Ipo sababu kwa nini wazee wengi bado wanaikumbuka kampeni ile kwa jina, na hawakumbuki hotuba za wageni rasmi waliokuja kuzindua majengo mwaka uleule.

Wapo watakaosema hayo yalikuwa ya zama za redio ya mkulima na chama kimoja. Basi tutazame ushahidi wa karibu zaidi. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, watafiti walijaribu jambo linalofanana sana na kundi la kanisa: wanawake wa kijiji walikutana kila mwezi wakiongozwa na mwanamke wa hapohapo, anayejua kusoma lakini asiye mtaalamu wa afya, wakataja matatizo yao ya uzazi na ya watoto wachanga, wakachagua la kushughulikia, wakatafuta njia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 kuliko katika maeneo yasiyo na vikundi hivyo. Mwaka 2013 majaribio 7 ya namna hiyo kutoka Nepal, India, Bangladesh na Malawi yaliunganishwa, yakihusu vizazi zaidi ya 119,000. Yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa asilimia 37 na vya watoto wachanga kwa asilimia 23. Na pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki, nafuu ilikuwa kubwa zaidi, asilimia 55 kwa akina mama na 33 kwa wachanga. Bangladesh inatufundisha jambo la ziada. Jaribio la kwanza huko halikuleta tofauti, kwa kuwa vikundi vilikuwa vichache mno kwa idadi ya watu. Vikundi vilipoongezwa, vifo vya wachanga vikashuka.

Sidai kwamba kundi la akina mama wa usharika mmoja wa Majita ni sawa na mradi wa utafiti wenye waratibu na vitabu vya mwongozo. Siyo sawa. Lakini tuangalie ni nini hasa kilichofanya kazi katika Malawi na Nepal, maana hatukukikosa huku. Hapakuwa na msemaji mashuhuri. Kulikuwa na mikutano inayojirudia, mwongozaji wa karibu, maswali yatokayo kwa wanawake wenyewe, na wajawazito wa kutosha ndani ya chumba. Kanisa lina mikutano inayojirudia kuliko taasisi yoyote ya kijijini. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuitumia hivyo, na uamuzi huo huanzia kwa yule anayeshika kalamu na kuandika orodha ya wageni wa mwaka.

Sasa tushuke kwenye chungu cha nyumbani, kwa sababu hapo ndipo mgeni wa mbali hupotea kabisa. Chakula cha pwani hii ya ziwa ni ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, na mboga yake ni samaki au dagaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mgeni kutoka mjini akija na somo la lishe atataja mayai, maziwa, tufaha na parachichi, mama wataitikia kwa heshima, na hakuna kitakachobadilika, maana vitu hivyo ama havipo, ama vipo kwa ajili ya kuuzwa. Mtu wa hapa atauliza jambo jingine kabisa: ni nani kati yenu aliyeanika dagaa asubuhi hii, na ni kiasi gani kilibaki nyumbani kwa ajili ya mtoto? Tunaishi kando ya ziwa linalotoa protini kwa magunia, na magunia hayo hupita mbele ya watoto wetu yakielekea Mwanza na hata nje ya nchi. Kumfundisha mama kutia dagaa waliosagwa vizuri katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita hakuhitaji profesa. Kunahitaji mwanamke aliyefanya hivyo, anayejua namna ya kuondoa mchanga na uchungu, na anayeweza kuupika mbele yao juu ya mafiga matatu.

Muhogo wenyewe una somo ambalo mkoa huu ulilipia kwa miguu ya watoto. Katika ukame wa mwaka 1985, huko Tarime, familia zilizokuwa na njaa zilikula muhogo mchungu ambao haukupitishwa katika hatua zake za kawaida za kuandaliwa hadi sumu iishe. Watu wakapooza miguu ghafla, wengi wao watoto na wanawake. Madaktari wanauita ugonjwa huo konzo, na visa vya Tarime vimeandikwa katika vitabu vya tiba. Hapa wataalamu wawili wanahitajiana. Mmoja ni afisa lishe au daktari anayeweza kueleza sumu ile ni nini na kwa nini mtoto asiyepata protini ya kutosha huumia zaidi. Mwingine ni bibi anayejua siku ngapi muhogo ulale, ukungu uote kiasi gani, uanikwe juani hadi lini, na ni hatua ipi ambayo njaa hushawishi watu kuiruka. Kamati nyingi zingemwandikia barua yule wa kwanza na kumweka wa pili jikoni akipika chakula cha wageni. Ningependa kuwaona wote wawili wamekaa mbele, na bibi akianza kusema.

Wageni wa namna hii hawatafutwi kwa tochi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Hesabu hiyo ni ya wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa nchi hii, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Suguti ndiko zilipo ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma na hospitali yake, kwa hiyo afisa lishe, afisa maendeleo ya jamii na afisa ustawi wa jamii ni majirani wa kanisa. Murangi na Mugango kuna vituo vya afya. Tangu Desemba 2021 nchi ina programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowataka watumishi hao hao wafike kwa wazazi wenye watoto wa umri wa hadi miaka minane. Wana wajibu wa kuja. Kinachotakiwa ni barua na tarehe. Na mada zao ni zile ambazo mama anaweza kuzitumia usiku huohuo: kwamba mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, simu ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ni 115, kwamba mtoto anayedhulumiwa ana namba yake, 116, kwamba chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, miezi tisa na miezi kumi na minane, na wengi huisahau ile ya pili kwa kuwa kliniki ya kupima uzito wamekwisha kuiacha, kwamba mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS pamoja na zinki, na asinyimwe ziwa la mama.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu ni lile la wachungaji na mapadri wanaohofia kundi la kanisa kugeuka kliniki. Hofu hiyo ni ya heshima. Kanisa lisipowapa mama hawa Neno na sala, litakuwa limewanyima kile ambacho zahanati haiwezi kuwapa. Lakini Paulo alipomwandikia Tito, katika sura ya pili, alitaka wanawake wazee ndio wawafundishe wake vijana namna ya kuwapenda waume na watoto wao na kutunza nyumba. Hakumwambia Tito, ambaye alikuwa kiongozi wa kanisa la Krete, akalifanye somo hilo yeye mwenyewe. Na historia ya umoja mkubwa kabisa wa akina mama wa Kianglikana inasema vivyo hivyo. Mary Sumner, mke wa mchungaji wa Old Alresford nchini Uingereza, aliwaita mama wa parokia yake mwaka 1876. Siku ya kwanza ujasiri ulimwishia, akawaomba warudi wiki inayofuata. Wakarudi. Mwaka 1885, kwenye mkutano mkubwa wa kanisa mjini Portsmouth, Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alipangiwa kusema na wanawake; akaona yeye hana mengi ya kuwaambia akina mama, akampa Mary Sumner nafasi yake. Hotuba ile ndiyo iliyoufanya umoja mdogo wa kijijini uenee nchi nzima na hatimaye ufike kwetu. Askofu yule alitoa somo kubwa kwa kunyamaza. Mchungaji wa Majita ana mimbari kila juma; saa moja ya mama wenye watoto wadogo anaweza kuifungua kwa sala na kuikabidhi.

Pingamizi la pili ni la fedha, na si la kudharau. Kundi linahitaji mkeka, vikombe, mfuko wa kumsaidia aliyejifungua kwa upasuaji, na bahasha ya mgeni rasmi imelipia mengi ya hayo. Jibu langu ni kutenganisha siku. Harambee iwe harambee, itangazwe hivyo, aalikwe mwenye uwezo, aheshimiwe, atoe. Siku ya somo iwe ya somo. Tukizichanganya, fedha hushinda daima, kwa kuwa mwenye bahasha ndiye anayepangiwa muda na mwenye maarifa ndiye anayepunguziwa. Tena tunapojizoeza kuchagua msemaji kwa mfuko wake, tunawafungulia mlango watu ambao mama wenye watoto wadogo wangepaswa kulindwa dhidi yao. Wakopeshaji wa ile mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu wanapenda sana vikundi vya wanawake, nao huja na mada nzuri ya ujasiriamali. Wauzaji wa virutubisho vya biashara ya mtandao huja na mada ya afya ya mtoto. Kwa maziwa ya kopo, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kupitisha kanuni tangu mwaka 1981 kwamba watu wa masoko wa kampuni hizo wasiwafuate wajawazito wala mama wa watoto wachanga. Kanisa lisiwe mahali pa kuivunja. Na mgombea anayetaka kuwasalimia tu akina mama mwaka wa uchaguzi aambiwe kwa upole kwamba nyumba ya ibada si jukwaa la kampeni, jambo ambalo hata maadili ya uchaguzi yanalikataza. Kama ni mikopo, aalikwe afisa maendeleo ya jamii aeleze ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ndani yake wanawake wana asilimia 4 isiyo na riba, na aeleze pia masharti yake bila kupamba.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, na wanaolitoa mara nyingi ni mama wenyewe. Wanasema mtu wa karibu hasikilizwi, maana tunamjua, na tena hafai kuambiwa siri, maana anatujua. Sehemu ya kwanza ya malalamiko hayo hujibiwa na muda. Muuguzi ambaye mwezi wa kwanza aliitikiwa kwa kupiga miayo, mwezi wa tatu hufuatwa nje na mama watano, na heshima ya namna hiyo haipatikani kwa kupewa kiti cha meza kuu. Sehemu ya pili ni kweli tupu. Mkoa wa Mara umetajwa mara nyingi mno katika habari za ukatili dhidi ya wanawake, na mama anayepigwa na mumewe hatasimama kulisema hilo mbele ya jirani anayechota maji naye. Vivyo hivyo kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na ananyonyesha, au aliyelemewa na huzuni baada ya kujifungua hadi hataki kumshika mtoto. Kwa mambo haya nakubali mgeni wa mbali ana nafasi yake: askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kutoka Musoma, mshauri nasaha wa hospitali nyingine, mwanasheria wa msaada wa bure. Aje, aseme, na aache namna ya kumpata. Hapo msingi wangu hauvunjiki, maana hata huyu anapimwa kwa swali lilelile: mama akikwama wiki ijayo, atampataje? Mgeni asiyeweza kuacha namba ya simu au siku ya kupatikana ofisini hajawafaa mama wa aina hii hata kama amesema vizuri. Na ili maswali ya siri yafike, kamati ikusanye mada kwa karatasi zisizo na majina, au mama mmoja mzee anayeaminiwa azunguke na kusikiliza, hasa kwa wale wasioandika, kisha alete mada bila kuleta jina.

Kukusanya mada ndiyo kazi halisi ya kamati, na ndiyo inayorukwa. Inataka ufanyike mzunguko kabla ya mwaka kuanza, si siku tatu kabla ya mkutano. Muulizeni mama wa mtoto wa kwanza kando, na mama wa mtoto wa tano kando, kwa kuwa wa tano akiwepo, wa kwanza hatasema. Ulizeni nini kilichowanyima usingizi mwezi huu. Majibu yatakayokuja hayatafanana na orodha ya semina. Yatakuwa ya mtoto anayekula udongo, ya mama mkwe anayetaka mtoto wa miezi miwili apewe maji na dawa ya mizizi, ya uzazi wa mpango ambao mume hataki kuusikia, ya mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hasemi. Katika makanisa yenye msimamo wake kuhusu uzazi wa mpango, mgeni akubaliane na viongozi mapema, na asidanganye kuhusu tiba wala kuhusu imani. Mama ana haki ya kuambiwa wazi kanisa lake linafundisha nini na zahanati inatoa nini. Mada ikishapatikana, mara nyingi jina la mgeni hujileta lenyewe, na kamati inashangaa kwamba anaishi ng'ambo ya barabara.

Yapo mambo ya utaratibu ambayo hufanya somo zuri liharibike, na mgeni wa karibu huyajua bila kuambiwa. Mama wa Majita hufikiri mengine kwa Kijita na wa Mugango kwa Kikwaya. Kiswahili wanakijua, lakini uchungu wa kuzaa na homa ya mtoto husemwa kwa lugha ya mama. Msemaji anayeweza kuvuka kwenda lugha hiyo na kurudi atapata maswali maradufu. Muda nao una kalenda yake. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo katika vijiji vya ufukweni mama anayeanika na kuuza dagaa ana nafasi zaidi siku ambazo mwezi umejaa. Kupanga somo asubuhi inayofuata usiku wa giza ni kumwambia achague kati ya mafundisho na riziki. Somo lenyewe lisizidi nusu saa, maswali yapewe muda mrefu kuliko somo, na watoto wawe na mtu wa kuwashika: wasichana wa kwaya, mama wazee, hata akina baba wa kanisa, ambao kwa kufanya hivyo watakuwa wameanza kujifunza bila kualikwa semina.

Limebaki suala la malipo, ambalo huonyesha tunamthamini nani. Mgeni rasmi hupokewa kwa maua, hulishwa kuku, huvishwa kitenge, na gari lake hutiwa mafuta. Mhudumu wa afya aliyetembea kwa miguu kutoka kitongoji cha pili hupewa soda na kuombewa baraka. Kama makanisa ya Suguti, Bunda na Butiama yanataka watu hawa waje kila mwezi, wapangiwe fungu katika bajeti ya idara ya wanawake kama yanavyopangiwa maua ya madhabahu: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, chakula kilekile wanachokula viongozi, na khanga au mchele kwa bibi aliyekuja kufundisha udaga. Mwezi unaofuata, kabla ya mgeni mpya kupewa nafasi, mwenyekiti awaulize mama waliojaribu somo lililopita wamefikia wapi, na yule mgeni wa mwezi uliopita awe amekaa palepale, tayari kujibu.